Nguvu ya soda ikiisha: mwongozo kamili wa kufikisha lengo lako mwisho

Kila Januari, dukani kwangu hapa Mwanga, Kigoma, madaftari yanatoka mpaka nalazimika kuongeza mzigo katikati ya mwezi. Mtu anachagua lenye jalada gumu, anaomba na kalamu nyekundu, na nikimuuliza ni la nini ananijibu huku akitabasamu: "Malengo, kaka." Mwezi wa tatu tunakutana sokoni, namuuliza yamefikia wapi, anaangalia chini.

Jambo hili nimelieleza kwa mdomo mara nyingi, mchana nikiwa dukani na Jumamosi jioni kwa vijana wanaorudia mtihani wa kidato cha nne. Bado watu wanaanguka palepale. Ndiyo maana nimeamua kuliandika lote.

Wanaoanguka si wavivu, nawafahamu. Wengine wanaamka saa kumi alfajiri kuwahi mwaloni Kibirizi, vyombo vya uvuvi vinaposhusha samaki. Wanaanguka kwa sababu mpango wao wote umejengwa juu ya siku nzuri: siku yenye hamu, yenye pesa, yenye umeme, isiyo na mgonjwa nyumbani. Siku mbaya hawakuiandika popote, kwa hiyo ikija inawakuta mikono mitupu. Mwongozo huu ni wa siku mbaya.

## Andaa vitu hivi kwanza

- Daftari moja dogo. Usinunue la bei. Daftari zuri sana linaogopesha kulichafua.
- Kalenda ya ukutani yenye vyumba vikubwa vya tarehe.
- Penseli, na kalamu moja ya rangi.
- Kibubu, kama lengo lako ni la pesa. Kiwe cha kuvunja, kisiwe cha kufungua.
- Mtu mmoja. Nitaeleza ni wa namna gani.
- Saa moja ya utulivu, siku ambayo hujachoka.

Vyote kwa pamoja havifiki shilingi elfu kumi. Hiyo saa moja ndiyo ngumu kupatikana, na wengi wanairuka. Usiiruke.

## Hatua ya 1: Chagua lengo moja na uliandike lionekane

Moja. Najua una matano. Andika yote matano kwenye karatasi, zungushia moja, hayo mengine yafunge kwenye droo. Lengo linakula muda, pesa na akili, na vyote vitatu vinatoka kwenye mfuko mmoja.

Kisha liandike kwa namna ambayo jirani akisimama mlangoni kwako anaweza kusema limetimia au bado. "Kuwa na nidhamu ya pesa" jirani hawezi kuliona. "Kununua cherehani" analiona. "Kusoma kwa bidii" halioni. "Kumaliza mada zote za hesabu za kidato cha tatu kabla ya Agosti" analiona, kwa sababu utamwonyesha daftari.

Jiulize na hili kabla ya kuendelea: kama hakuna mtu hata mmoja angejua kwamba nimelifikia, ningelitaka bado? Nimeona kijana akijitesa mwaka mzima kwa masomo aliyochaguliwa na mjomba wake, na hakuna hatua humu ambayo ingemsaidia. Ikiwa jibu ni hapana, rudi kwenye karatasi yenye malengo matano.

Umefaulu hatua hii ukiwa na sentensi moja isiyozidi mstari mmoja na nusu, yenye kitu kinachoshikika au kuhesabika. Tarehe usiandike bado.

## Hatua ya 2: Piga hesabu ya mbalamwezi

Hapa ndipo malengo mengi yanapofia, na yanafia kwenye karatasi hata kabla ya kazi kuanza. Soma taratibu.

Wavuvi wetu wa dagaa wanajua jambo ambalo sisi wengine tunalisahau. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa inavuta samaki kwa sababu kuna giza. Mwezi ukiwa mpevu ziwa lote linang'aa, taa inakosa nguvu, na kwa siku kadhaa vyombo vinapumzika ufukweni. Hujamsikia mvuvi akisema ameshindwa uvuvi kwa sababu ya mwezi. Anashona nyavu, anaziba mtumbwi, anatengeneza taa, anangoja giza lirudi. Mbalamwezi imo kwenye hesabu yake tangu mwanzo.

Dada mmoja anayeanika dagaa Kibirizi alinijia na hesabu ya cherehani. Bei aliyoambiwa ni shilingi 360,000. Alipanga kuweka shilingi 1,000 kila siku ya kazi, siku sita kwa wiki, yaani 6,000. Akagawanya: wiki 60. Akaandika tarehe kwa kalamu nyekundu na kuipigia mstari.

Nikamuuliza, "Dada, mbalamwezi ikiingia unaanika nini?"

Akanyamaza. Kisha akasema, "Siku hizo sina mzigo, kaka. Nauza masalia tu."

Tukakaa tukaipiga upya. Katika kila wiki nne, tukaihesabu wiki moja kuwa sifuri. Wiki tatu zinazobaki zinampa shilingi 18,000. Ukigawanya 360,000 kwa 18,000 unapata awamu 20 za wiki nne nne, yaani wiki 80. Ile hesabu ya wiki 60 ilikuwa ya mtu asiyeishi Kigoma.

Tofauti ya wiki 20 inauma, na aliumia. Lakini fikiria ambavyo ingekuwa kwa hesabu ya kwanza. Wiki ya nne tu angekuwa nyuma kwa shilingi 6,000. Mwezi wa tatu angekuwa nyuma kwa 18,000, na angejiona mtu asiyeweza kutunza pesa, ilhali kosa lilikuwa kwenye kugawanya.

Kuna na mbalamwezi kubwa zaidi. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana. Miezi mitatu. Kwa mwenye mpango wa "kila siku bila kukosa", mpango ulikufa siku ya kwanza ya katazo. Wewe huenda huna habari na ziwa, lakini una ada ya Januari, una mfungo, una msimu wa kulima, una mvua zinazofanya dagaa zisikauke na matofali yasikauke.

Fanya hivi. Chukua kalenda na penseli. Weka msalaba kwenye kila siku unayojua tayari kwamba haitakuwa yako. Hesabu zilizobaki. Kisha ondoa robo ya hizo zilizobaki, kwa ajili ya misiba na magonjwa ambayo hakuna anayeyajua tarehe. Siku ulizobakiwa nazo ndizo zako za kweli. Gawanya lengo lako kwa hizo, ndipo uandike tarehe ya mwisho.

Wanaorudia mtihani wa kidato cha nne hesabu yao inaanzia mwisho, kwa sababu Novemba haisogei. Kwao kinachopungua ni idadi ya mada, au idadi ya masomo.

Umefaulu ukiona tarehe imekuwa mbali kuliko ulivyopenda. Ikiwa inakufurahisha, umejidanganya mahali, rudia.

## Hatua ya 3: Weka viwango viwili

Kiwango cha kwanza ni cha kawaida, unachofanya siku ukiwa mzima. Cha pili nakiita kiwango cha uchovu: kidogo kiasi kwamba hata ukiwa na homa ndogo, umeme umekatika na wageni wamekaa sebuleni, bado unakifanya.

Yule dada alichagua shilingi 1,000 na sarafu ya 100. Kijana wangu mmoja wa hesabu alichagua maswali kumi na swali moja.

Watu wanadharau kiwango cha uchovu. Wananiambia swali moja halimfaulishi mtu. Ni kweli halimfaulishi. Kazi yake ni kulinda nafasi. Jambo lisilofanywa kwa siku nne hupoteza kiti chake ndani ya siku yako. Kitu kingine kinakaa pale, simu, usingizi au maongezi ya barazani, na kukiondoa kunahitaji nguvu upya. Swali moja linakaa kwenye kiti kama mtoto aliyewekwa na mama yake kushika foleni.

Tahadhari: ukipata wiki nzuri, usikipandishe kiwango cha uchovu. Kijana huyo alipandisha kutoka swali moja hadi matano kwa sababu alijisikia vizuri. Wiki iliyofuata aliugua, matano yakamshinda, akawa hana pa kushukia.

## Hatua ya 4: Kifunge kwenye kitu ambacho tayari unafanya

Usiandike "nitasoma saa mbili usiku". Saa mbili usiku ina wenyewe: taarifa ya habari, mgeni, giza la umeme kukatika. Andika hivi: "Nikishamaliza X, papo hapo nafanya Y." X iwe jambo ambalo huwezi kukosa kulifanya.

Dada wa Kibirizi aliandika: "Nikishafunga mdomo wa gunia la mwisho, kabla sijafungua kanga kiunoni, naweka pesa kwenye kibubu." Nimemwona akifanya. Jioni, chanja zimeshakunjwa, anakaza kamba ya gunia kwa meno na mkono mmoja, anajifuta magamba kwenye kanga, na mkono unakwenda kwenye kikopo chake hata kabla hajanyoosha mgongo. Hafikirii. Wakati wa kufikiria ndio wakati pesa inapopata safari nyingine.

Jambo hili limepimwa. Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia wa Ujerumani, na mwenzake Paschal Sheeran walikusanya mwaka 2006 tafiti 94 kuhusu mipango ya namna hii, ya "ikitokea hili nitafanya lile". Kwa ujumla walioipanga walifikia malengo yao kuliko walioishia kusema nataka, na tofauti haikuwa ndogo.

Kisha hakikisha kifaa kipo palepale. Kijana wa hesabu alipanga kusoma akishavua viatu mlangoni, lakini daftari lilikuwa chumbani, na kati ya mlango na chumba kuna chakula. Tukabadilisha: daftari linalala juu ya kigoda anachokalia kula, na hawezi kukaa bila kulishika.

Sasa kuhusu muda. Watu wengi wameaminishwa kwamba tabia hujengeka kwa siku 21, na ikifika siku ya 22 bado wanajisukuma wanadhani wana kasoro. Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijenga mazoea madogo ya kila siku, wakachapisha matokeo mwaka 2010. Wastani ulikuwa siku 66. Wapo waliochukua siku 18, na wapo ambao makadirio yao yalifika siku 254. Kwa hiyo ukiwa siku ya 40 na bado ni kazi, uko mahali pa kawaida kabisa.

Umefaulu ukianza kujisikia umesahau kitu siku ambayo hukufanya.

## Hatua ya 5: Shahidi mmoja, si kijiji kizima

Usitangaze lengo lako kwenye stetasi. Sifa zikija mapema zinashibisha. Mtu anapongezwa kwa "biashara mpya" ambayo hajanunua hata mzani, na moyo unapoa kana kwamba kazi imeshafanyika.

Tafuta mtu mmoja. Awe na sifa mbili: unamheshimu kiasi cha kutotaka kumdanganya, na hatakucheka ukimwambia leo sikuweza. Mara nyingi huyo si rafiki wa karibu sana. Kwa dada wa Kibirizi alikuwa shangazi yake wa Ujiji. Kwa vijana wangu huwa ni mwanafunzi mwenzao, wanaangaliana madaftari Jumamosi.

Kazi ya shahidi ni kuangalia alama mara moja kwa wiki, basi. Asihubiri, asikopeshe, asikupangie. Mwambie hivyo wazi tangu mwanzo, hasa kama ni mkubwa wako, kwa adabu: "Shangazi, nikuombe uangalie tu. Nikikwama nitakuomba ushauri mwenyewe."

## Hatua ya 6: Weka alama ya ulichofanya, si ya ulichopata

Kalenda ining'inie mahali unapopita, si ndani ya kabati. Siku ya kiwango cha kawaida, weka msalaba mzima kwa kalamu ya rangi. Siku ya kiwango cha uchovu, mstari mmoja. Siku ya kukosa, acha wazi. Usijaze uongo, kalenda ni yako mwenyewe.

Mwaka 2016 Benjamin Harkin na wenzake walipitia tafiti 138 kuhusu kufuatilia maendeleo. Wanaofuatilia hufika zaidi, na msaada unazidi pale mtu anapoandika mahali na pale mwingine anapoona. Karatasi na shahidi, vyote umeshapata.

Kwa nini nasema ulichofanya? Kwa sababu ulichopata hakiko mikononi mwako, na mwanzoni huwa hakionekani. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alipofika Gombe, hapo kando ya ziwa letu, Julai 1960, miezi ya mwanzo sokwe walikuwa wakimkimbia. Kama alama yake ingekuwa "nimemkaribia sokwe", ukuta ungebaki mweupe. Alichoweza ni kupanda kilimani na darubini na kuandika alichokiona, hata kiwe kidogo. Novemba mwaka huohuo ndipo alipomshuhudia sokwe akivua mchwa kwenye kichuguu kwa bua la nyasi.

## Hatua ya 7: Andika ukurasa wa kurudi, sasa hivi, kabla hujaanguka

Ukifanya hatua moja tu katika zote hizi, ifanye hii.

Nilipokuwa najiandaa kurudia hesabu, miaka mingi iliyopita, malaria ilinilaza siku tisa. Nilipopona nikajiambia nitalipa. Maswali kumi kwa siku, mara siku tisa, ni maswali 90. Nikapanga kuyamaliza Jumamosi moja. Nilifika swali la 14, jua likazama, na nikafunga daftari. Sikulifungua tena mwaka ule. Sikufanya uamuzi wa kuacha. Kila nikiliona mezani nilikuwa naona deni, na mtu hukwepa njia ya anayemdai.

Malaria ilinichukulia siku tisa. Deni nililojipa mwenyewe lilichukua mwaka.

Kwa hiyo, ukurasa wa mwisho wa daftari lako, leo ukiwa na hamasa, andika mistari mitatu:

1. Nimekosa kwa sababu ya ______. (Sentensi moja. Usijitetee, usijitukane.)
2. Sidaiwi.
3. Leo nafanya kiwango cha uchovu tu, sasa hivi.

Acha nafasi ya kuujaza mara nyingi, maana utaujaza mara nyingi. Siku ukirudi, usifungue kalenda kwanza, usihesabu siku zilizopotea. Fungua ukurasa wa mwisho, jaza mistari, fanya kile kidogo. Kiwango cha kawaida kinaanza kesho yake.

Mstari wa pili ndio watu wanaobishana nao. Dada wa Kibirizi aliniambia, "Lakini kaka, pesa si nilipaswa kuweka? Cherehani haishuki bei kwa sababu mtoto wangu aliugua." Nikamjibu kwamba tarehe itasogea. Tarehe ikisogea haimdai mtu. Akilipa siku kumi kwa mkupuo kutoka kwenye mtaji wa dagaa, atakosa pesa ya kununua mzigo, na wiki itakayofuata hatakuwa na ya kuweka kabisa.

Ukurasa wake nimeuona. Una madoa ya mafuta ya samaki pembeni. Mstari mmoja umeandikwa: "Mtoto amelazwa siku sita. Sidaiwi. Leo mia moja." Chini yake: "Msiba Ujiji. Sidaiwi. Leo mia moja." Ipo minane ya namna hiyo.

Ule utafiti wa siku 66 niliousema ulionyesha jambo jingine: kukosa siku moja hakukuharibu ujenzi wa tabia. Pengo moja ni pengo tu. Cha kuogopa ni la pili linaloshikana nalo, kisha la tatu, kwa sababu umeona aibu kurudi.

Umefaulu ukiona mapengo kwenye kalenda yako yanazidi kuwa mafupi. Yatakuwepo.

## Hatua ya 8: Kikao cha mwezi mwandamo

Mara moja kwa mwezi, giza linaporudi na vyombo vinaingia majini, kaa na kalenda yako dakika ishirini. Maswali matatu yanatosha: Siku ngapi nilifanya? Pengo refu kuliko yote lilisababishwa na nini? Nibadilishe kitu gani kimoja?

Kimoja tu. Huenda kifungo cha hatua ya 4 hakifai, labda umehama zamu. Huenda kiwango cha uchovu bado ni kikubwa.

Na unaruhusiwa kuacha. Maisha yanabadilika, lengo la Januari linaweza kuwa halina maana Juni. Ila liache kwenye kikao, ukiwa umekaa, kwa kuandika sababu na kumwambia shahidi wako. Usiliache jioni ya siku mbaya. Jioni ya siku mbaya hata ndoa tungeziacha.

## Siku ukifika

Vunja kibubu siku hiyohiyo, nunua kile ulichoandika, na si kingine. Pesa iliyokusanywa kwa jina la kitu ikilala ndani bila jina inatawanyika. Kisha mwonyeshe shahidi.

Kifungo chako usikifungue. Kimekugharimu miezi kukikaza, kiwekee kitu kingine mahali palepale. Dada wa Kibirizi alifika wiki ya 83. Cherehani imekaa karibu na dirisha, kwenye mwanga, na ile elfu moja ya gunia la mwisho sasa inanunua nyuzi na zipu.